Chupa ya Mwalimu Hedwiga

Bweni la Wasichana,
Sekondari ya Kanisa,
S.L.P. Same.
Jumapili, 14 Septemba 2025

Mpendwa Shangazi Irene,

Leo nakueleza yote bila kuruka kitu, hata yale ambayo Baba angesema mtoto hayaandiki.

Shikamoo Shangazi. Habari za Morogoro, na za maabara hapo hospitalini? Goti lako limepoa, au bado linakusumbua ukipanda ngazi? Mdogo wangu Anderson amemaliza zile sindano? Sisi huku tu wazima. Bibi anakohoa asubuhi kwa sababu ya ukungu, lakini shambani anakwenda, na ukimkataza anakuuliza tangawizi itajipalilia yenyewe.

Mwilini niko salama. Moyoni nimekasirika, Shangazi, tangu Jumanne. Nimesali, na nikisema amina naikuta hasira imekaa palepale.

Unamkumbuka Mwalimu Hedwiga niliyekuandikia habari zake, anayetufundisha Kemia? Kabla hajaja, Kemia ilikuwa kunakili ubaoni. Yeye alitufundisha kwa vitu tunavyoviona. Alitufanya tuchome mshumaa ndani ya gilasi, tupime majivu ya jikoni, tuulize kwa nini. Wiki iliyopita somo lilikuwa hewa inayotoka kitu kikichachuka. Tulijaza chupa maji ya miwa, tukaziba na kupitisha mrija mpya wa dripu, upande wa pili tukautumbukiza kwenye gilasi ya maji ya chokaa.

Hamira ya jikoni ilikuwa imekwisha nguvu. Basi rafiki yangu Eliwaza, wa kule Chome, akaleta vipande vya tunda la mwegea lililokaushwa, vilevile bibi yake anavyotia kwenye dengelua, ile pombe ya miwa ya kwenye posa. Mwalimu aliviangalia, akacheka, akasema, "Chachu ni chachu, weka."

Shangazi, Jumanne tulipofika tulikuta viputo vinapanda, na maji ya chokaa, yaliyokuwa maangavu kama ya kisimani, yamegeuka kama maziwa! Nilikuwa nimeyasoma hayo kitabuni, lakini sikuwa nimeyaamini. Darasa zima tulisimama juu ya madawati. Careen, ambaye hawezi kukaa bila mzaha, akanusa chupa, akakunja uso kama mzee wa posa na kusema kwa sauti nzito, "Bado changa hii, wajukuu. Irudisheni, mniite keshokutwa." Tulicheka mpaka machozi.

Dirishani alikuwa amesimama Babu Eliufoo. Tangu Pasaka baba yako mdogo ndiye mwenyekiti wa bodi ya shule, na siku hiyo alikuja kukagua bati. Aliingia bila kubisha.

"Hii ni shule ya Bwana au kilabu cha pombe?"

"Shikamoo mzee," Mwalimu alisema. "Ni somo la hewa."

"Hewa! Mimi nimezaliwa jana, mwalimu? Mwegea ule pale, nauona!"

Aliibeba chupa mwenyewe akaimwaga nje, na maji ya chokaa akayamwaga. Kesho yake, kwenye ibada ya asubuhi, ilitangazwa kwamba Mwalimu Hedwiga amesimamishwa kufundisha, tukaambiwa tumwombee. Tumwombee nini? Hakuna aliyeonja hata tone, naapa. Na huo mwegea Babu aliutambua vipi kwa mbali namna ile? Kwenye posa ya dada yake Careen nilimwona kwa macho yangu akipokea kibuyu cha dengelua kwa mikono miwili, akakisifu, na hakuna aliyeombewa. Nyumbani ni heshima, darasani ni dhambi!

Sasa chumba cha majaribio kimefungwa kwa kufuli. Anaingia mwalimu wa Maarifa ya Biblia na daftari la zamani la mtu fulani, anasoma, tunaandika. Eliwaza alimuuliza kwa nini maji ya chokaa hugeuka meupe, akajibiwa, "Andika tu binti, utaelewa mbele ya safari." Mtihani wa taifa ni Novemba. Na mimi nilikuwa nimeanza kuamini kwamba naweza kuvaa koti jeupe kama lako.

Bodi inakaa Jumamosi hii kuamua kama Mwalimu Hedwiga aondoke. Mkuu wa shule amekubali mwanafunzi mmoja aeleze kilichotokea, na darasa limenichagua mimi, kwa sababu, wanasema, mjukuu hatafukuzwa. Baba amepata habari. Amenipigia kwa simu ya matroni: "Blessing, yule ni babu yako. Mtoto hasimami kumpinga babu yake mbele ya watu. Utasema hujui." Lakini najua, Shangazi. Nikisema sijui, nitakuwa nimesema uongo ndani ya shule ya Bwana, na Mwalimu atashuka Same na sanduku lake.

Barua hii matroni anampa dereva wa basi la Morogoro kesho asubuhi. Nisalimie Mjomba Sylvester, mbusu Anderson, na umwambie Mama Clemence wa jirani kwamba mbegu zake za maua zimeota. Mungu alilinde goti lako na mikono yako.

Sasa nakuomba jambo moja, na tafadhali nijibu kwa simu ya matroni kabla ya Jumamosi. Bibi amenisimulia kwamba ulipokuwa msichana kama mimi, Babu Eliufoo alikuwa ameshakutafutia nafasi ya ushonaji, akasema sayansi si ya msichana. Wewe ukamfuata peke yako zizini alipokuwa akikamua, mkakaa huko hadi maziwa yakapoa, na Jumatatu yake akakubebea sanduku mwenyewe hadi shuleni. Nyumbani hakuna anayejua mlizungumza nini. Ijumaa jioni nitaomba ruhusa niende kwake, zizini, kabla sijasimama mbele ya watu.

Shangazi, ulimwambia nini?

Mimi mtoto wako nikupendaye,
Blessing