Sweta Yangu na Mashine Yako

Baba Wacera,

Naenda Kerugoya kwa dada yangu, nitarudi ~~kesho~~ Jumapili. Githeri iko kwa sufuria.

Ile mashine ya kuleta baridi ndani ya nyumba uliyokuja nayo ukistaafu kutoka Mombasa, nimeosha sanduku yake ya huko nje ukutani. Nimetoa manyoya ya kuku katikati ya vyuma. Usiwashe kabla haijakauka. Na usiifunike tena, itaungua.

Asubuhi nimetafuta sweta yangu ya kanisa nyumba nzima. Nikaikuta huko nje, umeivalisha hiyo sanduku na kufunga vifungo vyote mpaka shingoni, ati isishikwe na baridi ya Julai. Tumeoana miaka ishirini na sita na hujawahi kunifunga hata kifungo kimoja.

Nimeenda na koti yako.

Mama Wacera