Hisa ya Mama Haikuzaa

Kaka yangu wa Hombo,

Sikuulizi hali. Wanaopita na malori ya huko wanasema umenenepa na duka lako limejaa vitenge, kwa hiyo hali yako ninaijua.

Unakumbuka asubuhi tuliyompeleka Gaju kwenye leteri, kile kiwanda cha maziwa cha Karuba? Wewe njo ulimpa Mama mtamba yule baada ya Papa kufariki, na kilima kizima kilikusifu. Wakati ule kampuni ya maziwa ilikuwa inakusanya ng'ombe za wafugaji. Aliyetoa ng'ombe alipewa karatasi ya hisa, sehemu yake katika kampuni, na faida kidogo kila mwisho wa mwaka. Mama alilia kumwacha Gaju kule. Ukamfuta machozi, ukamwambia, "Mama, hii karatasi njo Gaju sasa. Uichunge vile vile." Siku ile nilikupenda sana.

Aliichunga kweli. Aliifunga kwenye kitambaa na kuitundika mahali moshi haufiki, nayo ikatulisha. Ilinunua sukari, blanketi, na ilinilipia shule kwa masista.

Kisha leteri ikawaita wenye hisa wote. Walirudisha karatasi moja moja, wakapewa mbili mbili. Walipanda kilima wakicheka. Sisi watu wa ng'ombe tuko hivyo: kitu kilikuwa kimoja, leo ni viwili, basi kimezaa. Hakuna aliyeuliza zaidi. Lakini wewe ulikuwa karani mle ndani, kaka. Ulijua kwamba kampuni haikuongeza hata ng'ombe mmoja. Ilikata tu kila hisa katikati, ili kipande kiwe cha bei ndogo na watu wengine waweze kununua. Aliyebaki na vipande vyake viwili hakupata kitu wala hakupoteza. Ulijua, ukanyamaza, ukaja nyumbani na pombe ya ndizi.

Ukaketi karibu na moto, ukasema, "Mama, Gaju iko na mutoto. Desturi unaijua." Nani anaijua kumshinda Mama? Anayekupa ng'ombe, ndama wa kwanza humrudia yeye. Alikupa karatasi moja kati ya zile mbili, kwa mikono miwili, tena akakushukuru. Uliiuza palepale kwa mwenye duka mmoja wa Sake, ukaenda zako Hombo kufungua biashara. Mimi njo nilipika siku ile, nikakuongezea nyama. Nyama ile sijakusamehe.

Mwisho wa mwaka faida ya Mama ilikuja nusu. Alidhani Gaju anaugua. "Pengine majani ya kule si mazuri," alisema, akataka kuwapelekea chumvi ya kumlambisha. Jirani yetu Mama Furaha, ambaye alibaki na karatasi zake zote mbili, alipata kama zamani, na leteri ilivyokuwa inakua, faida yake ikakua nayo. Kwa kumuangalia yeye njo nilielewa ulichotufanyia. Sasa nyumba yake ina mabati. Hisa humlipa anayevumilia, lakini humlipa kwa kile tu alicho nacho mkononi. Mama amevumilia miaka yote hii akiwa na nusu tu. Mimi nilitolewa shule, na leo ninalima mashamba ya watu.

Wiki iliyopita leteri ilikata hisa tena. Mama alirudi na karatasi mbili, akitabasamu kama bibi arusi. Moja akaiweka kando. "Tumutumie kaka yako hii," akasema. "Ao hapana, tumwite. Pengine atakuja kuichukua mwenyewe, nimuone."

Hapo nilishindwa kuvumilia. Nilichukua kiazi kitamu kwenye sufuria, nikakikata mbele yake, nikamuuliza kama kimezaa. Aliviangalia vile vipande viwili. Akaniuliza kama na mara ya kwanza ilikuwa hivyo. Nikasema ndiyo. Akauliza, "Na yeye alijua?" Nikasema alijua.

Hakulia. Alizifunga karatasi zote mbili kwenye kitambaa, akakaza fundo kwa meno. Kisha akasema, "Usimuambie kama ninajua. Ataona haya, hatarudia tena nyumbani."

Nilimuahidi. Ahadi hiyo nimeivunja hapa, kaka, na sijutii. Sasa unajua kama anajua, na unajua bado anakungoja. Uje umwangalie usoni, kama unaweza.

Ni mimi dada yako, niliyebaki naye.