Mchicha Uliooteshwa Juu ya Kifusi

Mshauri wangu, nakusalimu na naomba unisaidie, maana shule niliiacha mapema na jambo hili limenizidi kimo. Mimi ni kibarua wa kubomoa majumba, niko mbali na kwetu, nimepanga chumba jirani na dada mmoja fundi cherehani mwenye binti mdogo, ndiyo kwanza anaanza kutembea. Nyuma ya vyumba palikuwa na shimo, mwenye nyumba akataka lizibwe, nami nikaleta kifusi cha nyumba kuukuu tuliyoibomoa, plasta, rangi iliyobanduka, vipande vya paa la asbesto, nikavishindilia, kisha juu nikatandaza udongo mwekundu wa kimo cha kiganja, kama tufanyavyo kazini ili macho yaridhike. Pakapendeza, nikapanda mchicha na karoti, wenzangu wakaniita Bwana Shamba, na yule dada akawa anachuma kila jioni, ananiambia, "Kaka, hapa sina ndugu ila wewe," huku mtoto anang'oa karoti na kuitafuna na udongo wake.

Juzi kazini alikuja mpimaji kavaa barakoa, akasema rangi ya nyumba kuukuu tunazozibomoa ina madini ya risasi, tusipeleke vumbi lake kwa watoto. Wenzangu wakacheka, "Bwana Shamba, wewe umelipeleka na kulimwagilia maji!" Nikacheka nao, lakini nikamkumbuka yule mtoto, kwani siku hizi anashika tumbo, hataki kula, amelegea, na mama yake, maskini, anamzidishia mchicha apate nguvu. Nikisema nitampoteza mtu pekee anayenijulia hali. Je, nikiung'oa wote kimya kimya nikasingizia wadudu, haitatosha?

*Bwana Shamba*

Jibu

Haitatosha, ndugu yangu. Pole kwa upweke, sikucheki. Lakini unapima salamu za jioni na damu ya mtoto kwenye mizani moja, na huoni haya! Ukisingizia wadudu, mtoto ataendelea kuchezea udongo uleule, na daktari hatajua atafute nini. Risasi huharibu ubongo wa mtoto taratibu, haingoji aibu yako ipoe. Huenda tumbo lina sababu nyingine. Mimi si daktari, wala wewe. Kipimo cha damu ndicho kitakachosema.

Mwambie leo, kabla hajabandika sufuria. Usianze kwa kujitetea. Sema, "Dada, chini ya matuta yale kuna kifusi chenye sumu, nilikiweka mimi." Nenda naye hospitali, umweleze daktari kwa kinywa chako. Mboga hizo zisiliwe tena. Kuosha hutoa vumbi la juu, kilichonyonywa na mizizi hubaki. Kifusi usikifukue, utatimua vumbi la asbesto linaloharibu mapafu. Kiloweshe, kifunike, zungushia uzio, na mwenye nyumba awaite watu wa afya wapime. Ukitaka kupanda tena, tumia ndoo na udongo wa mahali safi.

Huenda dada huyo asikusalimie tena. Usimdai msamaha. Mbebee mtoto mpaka kwenye foleni ya hospitali, kisha usimame hapo, hata kama hakutazami.