Moyo Usiopoteza Sekunde

Jumatatu, 3 Machi
Mkanda umeingia nyumbani. Mweusi, wa kuzungusha kifuani, na kidude cha plastiki katikati kinachoongea na simu. Muuguzi katuazima siku ileile Fundi aliporuhusiwa kutoka wodini. Kila asubuhi kabla ya kuinuka, kabla ya chai, alale chali dakika tano, atulie, asiseme. Asiseme! Mume wangu huyu? Kumbe haupimi mapigo ni mangapi. Unapima nafasi kati ya pigo na pigo, kwa vipande vidogo mno vya sekunde — zinatofautiana kiasi gani. Foleni nyuma yetu ilifika mlangoni, muuguzi hakuongeza neno. Nasi hatukuuliza.

Alhamisi, 6 Machi
Namba ya leo kumi na moja. Fundi kavaa miwani yake ya kazi, kautazama mstari kwenye simu. Umenyooka. Akacheka, mara ya kwanza tangu aanguke dukani kwake. Eti tofauti ndogo namna hii hata saa alizozitengeneza kwa mikono yake hazimpi. Maisha yake yote kazi ni hiyo: saa inayowahi airudishe, inayochelewa aisukume, mpaka tofauti iishe. Nimefurahi naye. Nimekula nikashiba.

Jumapili, 9 Machi
Tisa! Imeshuka tena. Kawapigia simu watoto wote, anajigamba. Nikasema hebu na mimi. Kanifunga mkanda mwenyewe, ananikemea nisicheke. Thelathini na nne. Mstari wangu milima na mabonde — nikivuta pumzi mapigo yanakimbizana, nikiishusha yanazembea. Kanipima tena. Kisha akaniambia taratibu, kwa sauti anayowapa wateja wenye saa isiyotengenezeka, kwamba hakupenda alichokiona. Chai kapika yeye. Nimeogopa, sitaki kudanganya. Mchana kutwa mkono uko kifuani.

Jumanne, 11 Machi
Nane. Wifi kaja, ameshapewa habari. Dada yake huyu tangu niolewe hajashika ufagio kwangu, leo kadeki hadi chini ya kitanda. Ananitazama kwa jicho la msibani. Kanishauri nipatane na watu mapema. Nilitaka kucheka, nikashindwa.

Maji hayapandi ghorofa ya tatu, wiki ya pili sasa. Fundi kanipokonya ndoo, anashuka kuchota mwenyewe. Nikamkumbusha daktari alimkataza kubeba chochote. Akasema aliyekatazwa ni mgonjwa, na mgonjwa sasa anajulikana. Jioni nimeona miguu yake imevimba. Soksi zimeacha mtaro.

Alhamisi, 13 Machi
Hofu imenishinda. Nimeaga naenda sokoni, nimekwenda kwa muuguzi. Nikampa simu aone ugonjwa wangu. Namba yangu kaipita tu. Za Fundi kazirudia — kumi na moja, tisa, nane, na saba ya leo. Akainuka, akafunga mlango.

Sasa naelewa. Moyo wenye afya hauendi sawasawa. Kuna neva inayouharakisha na nyingine inayoutuliza, zinavutana kila pumzi. Ile milima na mabonde yangu ndiyo uzima wenyewe. Moyo ukinyooka vile, hauitikii tena. Unakwenda tu. Akasema nisilinganishe namba za watu wawili, wala namba peke yake si hukumu. Lakini kushuka hivi, juu yake miguu kuvimba, hapana. Daktari wa moyo yupo kesho asubuhi, nimlete, na asibebe kitu.

Na sisi tulikuwa tunashangilia! Kila iliposhuka, tulishangilia. Nimekaa kwenye benchi la nje nikalia, watu wanapita.

Nimerudi nimemkuta jikoni, anamenya vitunguu, anaimba. Mtu aliyekuwa anatazama dari tangu arudi. Kuniuguza kumempa kazi. Nimefungua mdomo nimwambie. Nikaomba maji ya kunywa.

Ijumaa, 14 Machi
Nimemwambia. Alfajiri, mkanda ukiwa bado mezani. Yote, hadi neva. Kanisikiliza mpaka mwisho, kanishika shavu. Akasema ananijua, mimi nikiumwa lazima nimtafute wa kumbambikia. Eti uchungu wa mtoto wa kwanza nilisema ni yeye aliyekula vibaya. Kweli, nilisema. Halafu akasema, miaka yote hii mezani kwake hajaona saa iliyokufa kwa kwenda sawasawa.

Nimelia kwa hasira, naye anazidi kunibembeleza. Mwisho nikasema basi, twende wote wawili, daktari ndiye atakayeamua. Kakubali upesi. Kakubali kwa ajili yangu, na mimi nimemwacha aamini hivyo. Bora afike.

Sasa kashaita teksi, iko chini. Kafunga begi: gauni langu la kulalia, mswaki wangu, ndala zangu. Shati lake hakuna hata moja. Nikataka nilibebe begi, kashalitupia begani. Wifi kaambiwa atangulie kushika mlango wa gari. Mimi kanikalisha kitini nisijichoshe, nami nimeshika kalamu naandika haya. Anadhani naandika maswali ya daktari.

Kapiga magoti, ananifunga kamba za viatu. Nimemwambia aache, nitafunga mwenyewe. Hataki. Cha kushoto kamaliza. Cha kulia kashika kamba, halafu kakomea hapohapo. Paji lake limeegemea goti langu, limelowa jasho, na asubuhi hii ni ya baridi. Namwambia ainuke, Wifi anaita kutoka chini. Anasema nisiwe na haraka, mgonjwa haharakishwi, anapumzika kidogo tu.