Mkono Mmoja Barua, Mkono Mwingine Simu

Miyuji,
Dodoma.
14 Januari 2025

Mpendwa Shangazi Ursula,

Shikamoo. Habari za Sumbawanga na baridi yenu? Goti lako linaendeleaje siku hizi za mvua? Na ile mashine ya kusaga, bado unaifungua mwenyewe alfajiri au umempata wa kukusaidia? Nakuwaza kila nikipita kwenye mashine ya hapa mtaani na kuona unga umewapaka watu nyusi.

Sisi hatujambo. Mvua imenyesha wiki mbili bila kukosa, na mlima ule uliouita kipara ulipokuja mwezi wa sita sasa una nywele. Baba yupo salama. Mama alikuwa na kikohozi, kimepungua. Bibi ana nguvu zake huko Hombolo, na mlenda mkavu utakaoukuta kwenye mfuko uliokuja na barua hii ni wa mkono wake. Amesema usiuonjeshe watu wasiojua kuupika.

Mimi nilimaliza mtihani wa kidato cha nne Novemba na matokeo bado hayajatoka. Kwa sasa nachapa kazi za watu kwenye duka la stesheneri la Dada Kuluthumu, hapa karibu na nyumbani. Ananisifu kwamba sina maneno mengi. Shuleni waliniandikia kwenye ripoti jambo hilohilo, ila wao hawakuwa wakinisifu.

Shangazi, kuna jambo naogopa kuliandika, na nikilichelewesha nitaliacha. Nimewaambia. Ile siri uliyoniachia mwezi wa sita, nimeitoa mbele ya Baba, Bibi na Baba Mdogo Wilbert. Naomba usiikunje barua hapa. Soma kwanza ilivyokuwa.

Unakumbuka ulilala chumbani kwangu. Nilirudi kutoka bombani nikakukuta umeshika simu unatazama kwaya, na simu ilikuwa kimya kabisa. Nilidhani imeharibika nikataka kukuongezea sauti. Ukaniambia sauti ipo mwisho. Ukaniambia masikio yako yamebaki kwenye mashine, miaka ishirini na mbili ya mngurumo, na kwamba unawatazama waimbaji midomo tu. Ukasema nisimwambie mtu, kwa sababu hutaki kuwa yule anayepigiwa kelele kwenye misiba na harusi. Nilikubali, na nilinyamaza miezi saba.

Jumapili ya tarehe 5 ndugu walikutana hapa nyumbani kupanga sendofu ya kumuaga Dada Josephine. Itakuwa Ijumaa tarehe 7 Februari, na ndoa kesho yake. Wakafika kwenye jina la shangazi wa kukaa na bibi harusi na kumtoa ukumbini. Baba akakupigia simu mbele ya watu wote. Ikaita, haikupokelewa. Akapiga tena. Baba Mdogo Wilbert akasema, "Mwacheni. Mtu wa mashine ya unga amekuwa bosi, simu zetu anaziona ni za waomba pumba." Watu wakacheka. Baba hakucheka, lakini naye alichoka. Akasema simu umeacha kupokea tangu mwaka juzi, sauti anazokutumia Wasapu hujibu, na binti yake hawezi kusimama peke yake siku hiyo. Wakamtaja Mama Cecilia, yule binamu yenu wa Chamwino, akalie kiti chako.

Nilimtazama Dada Josephine. Alikuwa anakunja pindo la kitenge chake na kulikunjua. Unajua tangu yuko mdogo alikuwa anasema atatolewa na wewe.

Basi nikasimama. Bibi akanishika sketi. Nikasema Shangazi haringi, Shangazi hasikii. Baba Mdogo akauliza, "Kumbe huyu naye ana mdomo?" Halafu akaelewa nilichosema, akatazama chini. Nikawaeleza yote, na mashine, na kwaya. Bibi akaniuliza mara mbili, kwa Kigogo, kama nina hakika. Kisha akavua kilemba, akakaa nacho mapajani.

Nikaomba wasubiri. Nilisema nitakufikishia maneno yao kwa njia ambayo utayapata yote, na wewe mwenyewe ndiye utakayejibu kama unakuja au huji. Wamenipa hadi Jumapili tarehe 26. Siku hiyo kamati inaandika jina moja kwenye ratiba. Nataka liwe lako, Shangazi. Ndiyo maana ya barua hii.

Jumanne ya tarehe 7 nilikwenda Hombolo na Baba na Dada Josephine, tukarekodi video. Baba anaongea kwanza, kisha Dada Josephine, kisha Bibi. Nimeiweka Yutyubu, lakini usiogope, haionekani na watu. Anaiona aliyetumiwa kiungo, na kiungo nimekutumia wewe peke yako kwa meseji. Bado usikibonyeze. Nilikuandikia kwenye karatasi kwa makusudi, kwa sababu simu haiwezi kukuonyesha video na kukuelekeza kwa wakati mmoja. Kaa mezani, barua mkono mmoja, simu mkono mwingine.

Anza kwenye simu yenyewe, kabla ya video. Fungua Mipangilio, tafuta palipoandikwa Ufikivu, halafu mapendeleo ya manukuu. Manukuu ni yale maandishi yanayopita chini ya picha mtu anapoongea. Huenda kwenye simu yako jina limebadilika kidogo, lakini lugha niliiweka Kiswahili ulipokuwa hapa, kwa hiyo utalitambua. Yawashe. Chagua maandishi makubwa, na rangi ya njano juu ya weusi. Nyeupe niliijaribu nikaiacha, maana Bibi amevaa kitambaa cheupe na maneno yalikuwa yanapotelea begani kwake.

Sasa bonyeza kiungo. Video ikianza, gusa skrini mara moja. Juu utaona herufi mbili, CC. Ziguse. Kama tayari zina mstari chini yake, ziache. Karibu nazo kuna kiduara chenye meno kama gurudumu la baiskeli. Kiguse hicho, uone orodha. Kwenye manukuu chagua Kiswahili nilichokiandika mimi. Ikitokea orodha inakupa na yale yanayojitengeneza yenyewe, usiyachague. Niliyajaribu. Bibi aliongea dakika tisa nzima kwa Kigogo, na mashine ikaandika "muziki". Dakika tisa, "muziki" tu. Baba alicheka hadi akafuta macho.

Kwa hiyo nikayaandika mwenyewe, kwenye kompyuta ya Dada Kuluthumu, baada ya kazi za wateja. Kigogo changu unakijua, nasikia kuliko ninavyosema, hivyo Baba alikuja kukaa nami Jumamosi mchana. Mara ya kwanza niliyatengeneza maneno ya Bibi yawe Kiswahili cha insha. Baba akasoma akasema, "Huyu ni mkuu wa wilaya, siyo mama yangu. Futa." Nikafuta nikaanza upya. Sasa ni Bibi. Akirudia neno mara tatu, utalisoma mara tatu. Akimtukana kuku aliyepita mbele ya simu, nalo lipo.

Kuna sehemu Baba alishindwa kunitafsiria. Alisema mstari mmoja, akatoka nje akasimama kwenye uzio kama mtu anayesubiri gari. Aliporudi alinitajia maneno yale haraka, bila kunitazama. Sitayaandika hapa. Ni ya Bibi kwako, na yapo dakika ya tisa.

Kwenye orodha ileile ya kiduara kuna Kasi ya kucheza. Iweke 0.75. Mimi nilijitia pamba masikioni nikazima na sauti, nikaitazama kama utakavyoitazama wewe, na nikagundua nilikukosea. Mistari ilikuwa mirefu, na nilipomaliza kuisoma uso wa Bibi ulikuwa umeshapita kwenye jambo jingine. Nilisoma kila neno lakini yeye sikumwona. Nikarudi nikaikata mistari yote iwe mifupi. Nimeijaribu mara nne sasa. Kwa kasi ya 0.75 unasoma, unainua macho, unamkuta bado anasema hilohilo. Usijali midomo yao ikienda polepole kama ya watu waliokula ubwabwa wa moto.

Kitu kikikupita, gusa mara mbili haraka upande wa kushoto wa picha. Inarudi nyuma sekunde kumi. Rudi mara nyingi utakavyo. Najua hupendi kumwambia mtu arudie, unatikisa kichwa tu kama umesikia. Nilikuona ukifanya hivyo mwezi wa sita, mezani, Mama alipokuuliza kuhusu chumvi. Video haichoki kurudia, Shangazi, wala mimi sichoki.

Ubora uweke 144. Picha itakuwa na ukungu, ila bando lako halitaisha, na manukuu hayapati ukungu hata picha ikififia. Juu karibu na zile herufi kuna kitufe kidogo cha kucheza kiotomatiki. Kizime, la sivyo Bibi akimaliza tu ataingia mchekeshaji.

Nikija kwenye sendofu yenyewe, najua utakachosema. Utasema utakaa pale mbele kama sanamu, MC anakuita huitiki. Nimelifikiria kila siku ninapotembea kwenda dukani. Nitakaa kando yako bega kwa bega na daftari kubwa, kalamu nene ya maka peni, na kila kinachosemwa nitakiandika hapohapo. Mkono wangu una kasi, niulizie kwa Dada Kuluthumu. MC akikuita nitakugusa kiwiko cha kulia. Ndiyo, nitakuwa mbele ya watu mia mbili, na unajua hilo kwangu ni kama kupanda juu ya mti wenye nyuki. Nimeshaamua.

Halafu siku ileile ya kikao Dada Josephine alisema neno ambalo linatosha kuliko daftari langu. Baba Mdogo aliuliza, kwa upole safari hii, kwamba shangazi asiyesikia atamfundaje mwali. Dada akamjibu, "Baba Mdogo, siku hiyo wa kusikiliza ni mimi. Yeye kazi yake ni kusema." Baba Mdogo ameniomba nikufikishie pole, na amesema atakupokea stendi yeye mwenyewe, na hatapiga kelele.

Ninakuomba radhi kwa kutoa siri yako. Sijutii kuitoa, nisingependa kukudanganya, ila naumia kwamba sikukuuliza kwanza. Walikuwa wanakucheka, na kiti chako kilikuwa kinaondoka mbele ya macho yangu. Ukiwa na hasira nami, njoo nayo. Nitaisikiliza yote.

Ukishamaliza kutazama, nitumie meseji kabla ya tarehe 26. Neno moja linatosha, "nakuja" au "siji". Vyovyote utakavyoandika, nitasimama tena na kulisoma mbele yao.

Nimebakiza kitu kimoja. Ukifika dakika ya kumi na mbili, simamisha video. Rudi kwenye kiduara, kwenye Ubora, panda hadi 720. Bando litaliwa kidogo, nimekuongezea la wiki. Kisha endelea. Utaona maandishi yamekwisha na picha bado inakwenda, karibu dakika nzima. Usidhani nimesahau, wala usirudi kwenye mipangilio kuhangaika nayo. Nilikaa sana mbele ya kompyuta nikitafuta cha kuandika pale, nikaona hakuna. Bibi hakusema neno. Aliniuliza kwa kidole ni wapi hasa utakuwa unatazama, nikamwonyesha kijicho cha kamera ya simu. Akavua kilemba, akakitazama kijicho hicho kama anayekutazama wewe. Hapo unapata kile kile tulichopata sisi tuliokuwa tumesimama pale wenye masikio.

Wanakusalimu Baba Bartolomayo, Mama, Dada Josephine, Baba Mdogo Wilbert, na Dada Kuluthumu ambaye hajawahi kukuona lakini alinipa kompyuta siku nne bila kuuliza. Nisalimie majirani zako wa mashineni. Mungu akulinde na mikanda ya mashine, akulainishie goti, na akufungulie njia kutoka Sumbawanga hadi stendi ya Dodoma.

Mwanao anayekupenda na aliyekuwekea kiti,

Evodia