Kocha, Wasichana Hawaji Tena

Kocha wangu,

Ni mimi Mutua, yule uliyemwachia filimbi. Nisamehe kwa kuchelewa kukuandikia. Tangu tukuzike nimekuwa nikingoja nipate habari njema kwanza, na habari njema imekataa kuja.

Wasichana hawaji tena, Kocha. Walianza kupungua wiki ile ile ya matanga. Unajua vile zoezi la ribaundi, la kugombania mpira wa kikapu uliokosa ringi, linavyoonekana kwa mtu anayepita barabarani. Mpira uko juu, na badala ya kuukimbilia unageuka, unamwekea mwenzako mgongo, unachuchumaa kidogo na kumsukuma kwa makalio mpaka awe mbali na ringi. Ndipo unaruka. Hapa Tawa, kwa watu wa kanisa, hiyo ni aibu. Wewe walikuamini kwa sababu ulikuwa mzee wa kanisa mwenye wajukuu, na ulizunguka nyumba kwa nyumba na suti yako ya Jumapili ukiwaeleza. Nakumbuka ulivyomwambia mama yake Mwende, "Mama, ukiwa kwa kioski ya maji na mtu anataka kukupita kwa laini, si unamzuia na mgongo? Basi hiyo ndiyo namfundisha Mwende." Alicheka mpaka mbaazi zikamwagika kutoka kwenye ungo.

Nilienda kwake na maneno yayo hayo. Hakucheka. Aliniuliza mke wangu yuko wapi, na unajua sijaoa.

Nikajaribu gunia. Nililijaza mchanga, nikawaambia waliobaki wasukumane nalo. Lakini gunia halina ujanja, Kocha, halikurudishii. Mwende alinitazama kwa huruma, na hiyo iliniuma kuliko maneno ya mama yake.

Jumapili wazazi waliniita baada ya ibada. Wakasema wasichana watarudi, mradi warushe mpira tu bila kugusana. Nilitaka sana kukubali, maana kimya cha ule uwanja kimenichosha. Lakini akilini nikamwona Mwende siku ya mechi kule Sultan Hamud, akiruka katikati ya wasichana wakubwa ambao hakuna aliyewakataza kitu, bila kujua pa kuweka mwili wake, na kuangushwa chini. Nikakataa. Mama yake akaniambia polepole, "Mwalimu, kama ni hivyo, basi tumemaliza."

Na kweli tumemaliza. Wewe tu ungewarudisha, na wewe umeenda. Kuna siku nakukasirikia kwa kufa... nisamehe.

Lala salama, Kocha. Timu siwezi kukuahidi. Nakuahidi kwamba Jumamosi nitafagia uwanja na kukaa pale mpaka jioni, na akitokea hata mmoja, atajifunza kugeuka kabla ya kuruka. Asipotokea mtu, nitarudi nyumbani nikijua sikumfundisha mtoto wa mtu kuanguka.

Wako,
Mutua