Chupa Iliyozikwa Wima

Kentucky, Jumatatu baada ya harusi

Kaka Harlan,

Sisi wazima, na kiwanda chetu cha wiski bado kinanukia mahindi yaliyochacha mpaka barabarani. Siku hizi wageni nawachanganyia wiski na mnanaa na asali, wanapanga foleni. Baba anaviita vinywaji vyangu juisi za watoto.

Binti yangu Delphine aliolewa Jumamosi. Unajua desturi yetu: mwezi mmoja kabla, chupa ya wiski inazikwa kichwa chini pale itakapofungwa ndoa, ili mvua isinyeshe. Baba alisema ataizika mwenyewe. Basi ikanyesha, kaka, mpaka keki ikaelea. Bwana harusi akavua viatu akacheza kwenye tope, nasi sote tukamfuata.

Tulipoifukua chupa, tuliikuta imesimama wima.

"Baba, na uzoefu wako wote, ulisahau?"

"Sikusahau. Kizibo kinavuja. Ningeigeuza ingeisha yote."

Nikapangusa udongo. Ilikuwa ile wiski yako ya kutia mtama, ile Baba aliyoiita dawa ya kikohozi mbele ya wageni mpaka ukafunga mizigo ukahama. Kumbe alikuwa ameficha chupa ya mwisho.

Akanipa nimchanganyie na mnanaa. Akanywa taratibu, kisha akanisogezea bilauri nimwongezee.

"Mwandikie Harlan," akasema. "Mwambie arudi na vizibo vya maana."

Dada yako anayekungoja,
Verna